Watunzaji Waliotangulia

Panya hakujua kusoma, simlaumu.
Aliona karatasi nene, kavu,
ndani ya kijidroo cha Landrova ya marehemu,
mahali pekee katika Blaenau nzima
ambapo mvua ilikuwa haijafika,
akatafuna jina la mume wangu
kuanzia herufi ya kwanza.

Nilipofungua niliwakuta watano,
wekundu, vipofu, kila mmoja kama kucha ya kidole gumba,
wamelala juu ya namba ya chesisi.
Mama yao alinitazama
kama karani anavyomtazama aliyeingia bila kubisha.
Nikafunga. Nikaomba radhi, kwa sauti,
halafu nikasimama uani nikiona haya,
mjane wa miaka sitini na minane
anayemwomba panya msamaha.

Gethin wa Bala alikwishalipa arubuni.
"Bila kadi sichukui, Bi. Nerys."
Ana haki. Mali bila daftari hupotea bila habari;
ila mimi mali ninayo, imeegeshwa pale, inavuja oili juu ya mawe.
Lililopotea ni daftari,
na habari ninazo kuliko nilivyotaka.

Basi nikapanga foleni posta
nyuma ya mtu aliyekuwa akirudisha viatu.
Fomu ina visanduku:
imepotea, imeibwa, imeharibika.
Weka alama kwenye kimoja tu.
Hakukuwa na kisanduku cha imezaa.
Nikatia alama imeharibika,
pauni ishirini na tano, risiti,
na Luned wa dirishani, aliyesoma na binti yangu,
akaniambia wiki sita
kwa sauti ileile aliyonipa pole nayo Februari.

Jina la mtunzaji, fomu iliuliza.
Si mwenye gari: mtunzaji.
Wameandika wazi, kwa herufi nzito,
kwamba hati hii haithibitishi nani mwenye mali.
Miaka thelathini na mmoja Idwal alisema "gari langu",
kumbe serikali ilimjua vizuri zaidi:
mtu wa kubadili plagi,
wa kufunga mlango kwa kamba ya majani makavu,
wa kugombana na kondoo waliokaa kiti cha mbele.
Alitunza. Hicho tu ndicho walichomwandika.
Na mimi kwake sijui nilikuwa nani,
mwenye mali, au mtunzaji.

Wiki zile sikuligusa gari.
Si huzuni; nilingoja watoto wafumbue macho.
Ya nne nikakuta kiota kitupu,
na kwenye kipande kimoja kisichozidi stempu,
"wal".
Nikakitia kwenye pochi.

Kadi mpya ililetwa Jumanne, imenyooka, baridi,
jina langu lote, Nerys Wyn Pritchard.
Nikatafuta lake. Nikageuza, nikainua kwenye mwanga.
Halimo.
Pembeni tu, kwa maandishi madogo,
watunzaji waliotangulia: 3.
Wa kwanza daktari wa mifugo wa Dolgellau, hatukumjua.
Wa pili aliyelipaka rangi vibaya.
Wa tatu alikunywa chai bila sukari
na kulala upande wa dirisha.
Tarakimu moja, yenye matumbo mawili,
na amemo humo ndani mahali fulani,
amebanana na wageni.

Simu ililia. Gethin.
Nikaosha kikombe. Nikaosha na kile ambacho hakikuwa kichafu.
Ikanyamaza, ikalia tena.
Nikashusha bati la biskuti lenye kifuniko kigumu,
nikalaza kadi ndani, na juu yake kile kipande.

Kisha, kwa kuwa redio ilisema usiku kutaganda,
nikatoka na gazeti la juzi,
nikalichanachana,
nikaliacha kwenye kijidroo, wazi kidogo.