Mlio wa Kwanza

Dakika ya kumi na nane, na buni zingali manjano
kama meno ya mvuta kiko.
Kitabu cha mashine kinasema: dakika ya tisa
zitalia zenyewe, zitapasuka, usiwe na wasiwasi.
Kitabu kimeandikwa na mtu asiyeishi Kuze.

Nikaanza na fyuzi, kama tulivyofunzwa:
anza na cha bei rahisi.
Fyuzi nzima.
Nikajaribu soketi ya sebuleni, ya jikoni,
ile ya friji, na Maimuna akanitazama
jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeketi kitandani.
Friji ikanyamaza. Mashine ikazunguka,
vuguvugu, na raha zake,
ngoma yake ikipitisha buni
kama tasbihi mkononi mwa mtu aliyelala.

Kyalo, fundi redio wa Bondeni, akaniambia kwa simu:
"Feni imeshinda koili. Moto wote unapulizwa nje."
Nikaifungua mgongo. Makapi yakamwagika,
mepesi, rangi ya mbawa za mende,
yakachukuliwa na upepo wa dirishani
yakatua kwenye kanzu za mumewe Bi Mishi, ghorofa ya chini,
zilizoanikwa kwa ajili ya Ijumaa.
Nilimsikia akizihesabu: moja, mbili, tatu.
Hakutukana. Kuhesabu kwake kulitosha.

Nikasafisha feni kwa mswaki mkuukuu.
Nikapima koili: hai.
Nikapima kidhibiti joto: hai.
Kimoja kimoja, vyote vizima;
vikikaa pamoja, vibovu.
Nimewahi kufanya kazi ofisi kama hiyo,
Kilindini, miaka kumi na moja.

Usiku wa tatu nikaona. Waya mwekundu,
pale unaposhikana na koili,
umeota kijani, kijani cha sarafu iliyosahauliwa kisimani.
Chumvi.
Watu husema sisi twaishi karibu na bahari.
Bahari ndiyo inayoishi nasi,
yaingia kwa tundu la ufunguo, yakaa kwenye bawaba,
yala baiskeli, yala saa ya ukutani, yala picha ya harusi
kuanzia pembeni, upande wa mashemeji.
Haina haraka. Haibishi hodi.

Nikakata palipooza. Waya ukapungua nusu kidole,
usifike tena.
Ndipo nikaikumbuka pasi ya marehemu mama,
iliyofungwa guniani juu ya kabati,
niliyomnyima muuza vyuma chakavu mara mbili.
Nikaichomoa waya wake wa ndani,
ule uliovikwa kitambaa, usioogopa moto.
Nikasema bismillahi. Nikasema pia samahani.

Saa tisa usiku, mtaa umelala na stima ina nguvu,
nikamimina robo kilo.
Dakika ya nne, harufu ya majani makavu.
Ya sita, harufu ya mkate.
Ya nane, rangi ya mdalasini, na moshi mwembamba
kama mtu anayetaka kuuliza jambo.
Ya tisa:

pa.

Kisha: pa, pa.

Nikaruka. Nikang'oa plagi ukutani.

Siku tatu nimeusubiri mlio huo,
na ulipokuja nikadhani ni hasara.

Maimuna akatoka chumbani, leso kichwani.
"Imelipuka?"
"La," nikasema, plagi ingali mkononi. "Imepona."

Ngoma ikapoa. Buni nje kahawia, ndani mbichi,
na zikishapoa hazirudishwi motoni,
kitabu kinasema, ukurasa wa mwisho, herufi ndogo.
Tukazitwanga hivyo hivyo.
Kahawa ikatoka na ladha ya nyasi,
na nyuma kabisa ya ulimi
ladha ya kitu kilichobakisha dakika mbili.
Maimuna akaongeza tangawizi, akaongeza tena.
Tukanywa vikombe viwili viwili.

Kulipokucha niliona skrubu mbili mezani, safi, hazina kwao.
Chini, Bi Mishi alikuwa anaanika upya,
safari hii upande wa pili wa nyumba.