Kufungua na Kufunga

Bi Kanchanben, mguu ulionifungia
umeanza kulia penye goti, kwii, kwii,
kama mlango wa chumba cha kupanga.
Naupaka mafuta ya nazi. Unanyamaza siku mbili.

Ule wa kuzaliwa nao ulibaki mteremkoni Kongowea,
chini ya mkokoteni wangu mwenyewe
na magunia sita ya viazi.
Nilipokuhadithia, kalamu yako ilisita.
Ukasema nyinyi viazi hamli,
kwamba anayeng'oa mzizi hung'oa na vijidudu
vilivyojilalia salama kizani.
Nikacheka mpaka kigutu kikauma:
hamali wa miaka kumi na moja,
nimeviangusha, nimevikalia, nimevilalia,
basi na vyenyewe vimejilipizia!
Wewe hukucheka. Ulinitazama tu
kama mtu anayehesabu majeruhi
na viazi umevitia.

Jina langu ulilikosea. Athmani,
ukaandika Atma, ukaacha nafasi, ukaandika ni.
Nikakuonyesha kosa. Ukasema, aa,
kwetu neno hili ni roho, liache.
Kadi ninayo bado, imepigwa muhuri:
Roho ni,
halafu namba ya kiatu, tisa.

Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani.
Ukumbi wa shule wanuka plasta na jasho,
watu thelathini na wanane mbele yangu,
mvulana wa Likoni ajaribu kupiga danadana,
mama wa Mazeras autukana mguu wake kwa Kiduruma.
Wenzako wakaanza kukuita dirishani
kwa Kigujarati, mara ya kwanza, mara ya tatu:
sahani imefunikwa, jua lashuka,
na likizama hamtii kitu kinywani
mpaka kesho, hata maji,
asije mdudu asiyeonekana akafia kwenye tonge.
Nawe umepiga magoti, mwanamke wa miaka sabini,
wang'ang'ana na mkanda wangu usiokaa.
Simama. Nikasimama.
Kaa. Nikakaa.
Tembea. Nikaenda kama kaa.
Ukafungua, ukaanza upya.

Mkanda ulikaa, na mwadhini akatoa sauti.
Dakika ile ile.
Kwangu mlango umefunguka, kwako umefungwa.
Ukaondoka bila neno, ukarudi na tende tatu
na gilasi ya maji uliyoyachuja kwa kitambaa cheupe,
kitambaa ukakisuuza taratibu ndani ya ndoo yalikotoka,
kuwarudisha kwao wale nisiowaona.
Nikanywa. Ukalitazama koo langu likipanda na kushuka,
nami nikaiona midomo yako ilivyokauka.
Sijapata kunywa maji mazito kama yale.

Niliuliza deni ni kiasi gani.
Ukasema nimekupunguzia mzigo,
kwamba kuna vumbi linaloshika roho
na mtu hulipangusa kwa kutumikia.
Habari za vumbi la roho sikuzipata vizuri.
Mzigo naujua. Nikasema,
basi tumesaidiana kushusha.
Hapo ndipo ulipocheka.

Sasa napima vitunguu sokoni kule kule
(na vitunguu hamli, najua, niwie radhi).
Mguu huu hauna hisia. Moto, msumari, siafu,
kwake vyote ni hewa,
kwa hiyo sina budi kutazama chini.
Jana sisimizi walikatiza mbele ya mizani
wamebeba bawa la mende kama jeneza.
Nikauinua mguu wako, nikausimamisha hewani,
mteja apiga kelele, Athmani, kilo mbili, nina haraka,
nami nimeshika nguzo
nasubiri wote wapite.
Wa mwisho alikuwa akichechemea,
au labda mimi ndiye niliyemwona hivyo.