Faili Lipo

Saa nane na dakika ishirini usiku, Hull,
chini ya ghala la kiwanda cha karavani.
Seva mpya, imewekwa juzi, tupu kama kibuyu kilichosuzwa:
haina dirisha la kubofya, haina kipanya,
haina hata kihariri nilichokizoea.
Alama moja tu inapepesa
kama mtu aliyeulizwa deni.

"Tupu ndiyo salama," alisema Bwana Ackroyd,
"mlango usiokuwepo hauvunjwi."
Akafunga zipu ya koti, akaenda zake kulala.

Kuna programu ya kuagizia vioo vya madirisha.
Aliyeiandika amestaafu, anafuga njiwa huko Withernsea,
na simu hapokei.
Nimeihamisha jioni, kwa uangalifu, kama mayai.
Naiita kwa jina.
Inajibiwa: hakuna faili kama hilo.

Naorodhesha. Lipo.
Jina lake, uzito wake, tarehe yake ya elfu mbili na tatu.
Naita tena. Hakuna.

Nimekagua ruhusa, nikatoa, nikaongeza.
Nimehesabu herufi moja moja, nikihofia nafasi iliyojificha.
Nimeliita kwa anwani nzima, kuanzia kwenye mzizi,
kama unavyomwita mtoto ukiwa umekasirika:
jina lake, la babaye, la babuye.
Nimelitukana kwa Kiingereza cha hapa,
kisha kwa Kimvita, ambacho kina akiba zaidi.
Hakuna.

Feni zinavuma. Mashine ya chai imemeza sarafu yangu.

Ndipo nikamkumbuka shangazi Mgeni,
wodi ya tisa, barabara ya Anlaby, mwezi wa Februari.
Nesi ameandika kwenye chati, mwandiko mzuri wa duara:
mgonjwa haitiki.
Nafika na uji kwenye chupa, shangazi ananishika mkono:
Tangu alfajiri naitika, mwanangu,
naitika mpaka koo limekauka.
Nimewaambia ni mguu wa kushoto.
Nimewaambia kile kidonge cheupe kinanitapisha.

Mkalimani alikuwa ameagizwa kwa simu.
Akaletwa wa Kisomali, kijana mpole,
akakaa, akala biskuti mbili, akaomba radhi, akaondoka.

Basi sikuuliza tena faili liko wapi.
Niliuliza: nani wa kulisomea?
Nikalifunua kichwa, nikasoma baiti zake za mwanzo:
kumbe la biti thelathini na mbili,
lugha ya mashine za enzi ile,
na humo ndani limetaja, kwa anwani kamili,
mkalimani wake.
Huyo ndiye hayupo.
Mashine haikusema uongo.
Ilimtafuta mmoja, ikamkosa,
ikamfuta mwingine aliyesimama mlangoni.

Nikamsakinisha. Megabaiti chache, pungufu ya picha moja ya harusi.
Naita. Linalalamika:
hakuna maktaba ya hesabu.
Naiweka. Hakuna maktaba ya kubana data.
Naiweka. Ya tatu siijui, naitafuta nusu saa,
lakini sikununa,
kwani sasa lilikuwa linalalamika lenyewe,
kwa mdomo wake, likitaja linachotaka.

Saa kumi na moja kasoro, mstari wa kwanza:
kioo, kushoto, 212.

Kwenye fomu ya Bwana Ackroyd
kisanduku cha chanzo kinapokea herufi themanini.
Nikaandika: mkalimani hakuwepo.
Nikafuta.
Nikaandika: maktaba zilikosekana.
Hilo atalielewa, na kulisahau kabla ya chakula cha mchana.

Nje barafu imeshika kioo cha gari.
Sina kikwangulio.
Nimetoa kadi ya maktaba mfukoni, ya mtaa wa Albion,
nakwangua upande wa kushoto kwanza.