Jicho la Farasi

Vipande elfu moja, sanduku limesema.
Mimi nimehesabu mia tisa tisini na tisa,
na farasi wa kijivu, aliyefungwa kwenye mkokoteni wa mkate,
ananitazama kwa tundu.

Wiki tatu, jamani.
Wiki tatu meza ya kulia imekuwa mali ya farasi,
nami nanywa supu ya kabichi nimesimama,
bakuli juu ya friji, kama askari wa zamu.
Anga niliimaliza theluji ya kwanza ilipoanguka,
buluu kwa buluu, kila kipande ndugu wa mwenzake,
hata usingizini nikawa napanga buluu.

Hapa Liepāja, mwezi wa Desemba,
jua huaga kabla ya saa kumi,
kama mgeni aliyekaribishwa chai akakataa.
Ndipo huko chini, ghorofa ya tatu,
Bwana Visvaldis anapojifunza akodiani.
Miaka sabini na mmoja, vidole vya fundi bomba.
Wimbo ni mmoja, naujua kuliko yeye:
unapanda, unapanda, unaikaribia kona,
halafu pwaa! anakwama palepale,
anaanza upya toka mlangoni.

Leo nimetafuta.
Chini ya zulia. Ndani ya slipa.
Kwenye mikunjo ya kochi anamolala paka
(akaniangalia kama hakimu aliyekwisha kula rushwa).
Nikakumbuka mashine ya kufyonza vumbi.
Nikatandaza gazeti jikoni, nikapasua tumbo la mfuko,
nikachambua kwa uma,
mimi niliyechambua barua za watu miaka thelathini na minne
bila kupoteza hata kadi ya mtoto asiyejua kuandika anwani.

Nimepata njegere mbili, ngumu kama risasi.
Majani ya msonobari wa Krismasi iliyopita.
Kifungo cha koti la marehemu Gunārs,
koti lenyewe nimeshaligawa.
Na hereni ya kaharabu, ya kushoto,
niliyoililia miezi minne,
ile ambayo pacha wake nilimtupa mwezi Machi
kwa hasira: pacha mmoja wa nini?
Nikakaa sakafuni nikacheka hadi nikapiga chafya,
vumbi lote likaruka, likarudi lilikotoka.

Jicho? Wapi.

Basi nimekata boksi la dawa za presha,
nikachora kwa kalamu: duara, nukta, kope mbili.
Limeingia kwa shida, limebinuka upande mmoja.
Sasa farasi ananitazama kama karani wa benki
aliyeona saini yangu haifanani.
Sawa. Tazama.

Nimeteleka chai. Chini, akodiani imeanza.
Unapanda. Unapanda.
Kijiko nimekishika hewani, asali inachuruzika
juu ya kitambaa cha meza, wala sioni,
maana kona ile... amepita!
Amepita, mzee wa mabomba amepita kona,
na wimbo umetokea upande wa pili,
kumbe huko kuna uwanja mzima, na watu wanazunguka!
Kwa furaha nikagonga bomba la joto kwa kijiko,
ngo, ngo, ngo.

Akanyamaza.
Ukapita muda.
Mungu wangu. Kadhani nalalamika.

Lifti mbovu tangu Oktoba. Nikashuka kwa ngazi,
slipa zikipiga makofi, kijiko bado mkononi.
Akafungua mlango, akodiani kifuani
kama mtoto aliyeamshwa vibaya.
“Samahani, Bibi Velta. Nitaacha.”
“Utaacha nini?” nikasema. “Anza. Toka mlangoni.”

Akanivutia kiti. Akafuta jasho la viganja kwenye suruali.
Akaanza: ukapanda, ukapanda,
nikaegemea mbele, naye akaegemea,
akakwama palepale.