Mali Bila Daftari

Lilianza kama dirisha.
Si duka: dirisha la banda, Barabara ya Sabattus, mjini Lewiston,
mwaka arobaini na nane, theluji kiunoni,
Aurèle Thibodeau akiuza maziwa ya chupa
kwa wanawake waliotoka kiwandani alfajiri,
nyuzi za pamba zimewanasa kwenye nyusi.
Rudisha chupa, chukua senti tano.
Hiyo ndiyo sheria, na hilo ndilo tangazo.

Haya nayajua kwa kuwa usiku ni mrefu
na Normand, anayeleta mikate saa tisa,
hana mwingine wa kumsimulia.
Anashusha kreti, anasimulia. Anasaini, anasimulia.

Dirisha likazaa mlango.
Mlango ukazaa duka la pili, ng'ambo ya mto, kule Auburn,
kisha la tatu, la tano,
kila moja na paa jekundu na jogoo wa bati
anayegeuka kulikoelekea upepo,
hadi yakatimia kumi na moja,
na watoto wa mji wakajifunza kuhesabu
kwa kuhesabu majogoo.

Lucille, bintiye, ndiye aliyeshika daftari.
Kwetu Korogwe dukani palibandikwa: leo fedha, kesho mkopo,
na kesho hiyo sijaiona mpaka leo.
Lucille hakubandika kitu. Aliandika.
Mkate, tarehe. Sigara, tarehe.
Maziwa. Maziwa. Maziwa.
Viwanda vilipofungwa, kimoja baada ya kingine,
wino wake ukaenda mbio kuliko mashine ya fedha.
Na ile Januari barafu ilipolaza nguzo za umeme
aliuza mishumaa kwa mwanga wa mshumaa,
bei ileile ya Desemba.

Kisha wakaja wenye tai.
Wakanunua yote, wakafunga saba,
majogoo wakashushwa kwa winchi.
Mmoja anaishi gereji kwa Normand;
humsalimu kila akitoka.
Letu hili likapewa jina la herufi tatu
ambazo hata meneja hajui kirefu chake.
Lakini mvua ikinyesha, ukutani, chini ya rangi mpya,
Thibodeau hujitokeza
kama kovu kwenye baridi.

Daftari nililikuta mimi, nyuma ya friji ya soda,
nikimfukuza panya.

Jumanne moja, saa kumi alfajiri,
ajuza kaingia na mkongojo wenye meno ya chuma,
theluji ikimdondoka mabegani.
Lucille yupo?
Nikasema alishazikwa.
Akasema: basi wewe. Nadaiwa.
Dola mbili na senti arobaini, tangu sabini na nne.
Nikafungua. Ipo.
Rolande Gagnon, na mwandiko umeinama
kama mtu anayenong'ona.

Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo tulivyofundishwa.
Huyu alilipa kwa sarafu, mojamoja, bila haraka,
kisha akanunua bahati nasibu, akakosa,
akaniachia karatasi nitupe.

Mashine haina kitufe cha deni la marehemu.
Nikabonyeza Maziwa.
Nikapiga mstari juu ya jina lake,
mkono ukinitetemeka, sijui kwa nini.

Ijumaa wakahesabu stoo:
nusu galoni imezidi.
Makao makuu, mji nisioujua, wakaandika barua
kuuliza maziwa haya yametoka wapi.

Sijawajibu.
Barua yao nimeihifadhi humo daftarini,
ukurasa wa Rolande.