Droo ya Tatu

Kabati liliachwa uani, Liepāja, mwezi wa pili,
miguu ndani ya theluji, mlango mmoja wazi
kama mtu aliyetoka kuitikia hodi akasahau kurudi.
Nilimwita Ojārs wa ghorofa ya chini.
Akalitazama, akanitazama mimi.
"Velga," akasema, "na ile stuli je?"

Stuli naijua, sihitaji kukumbushwa.
Niliipaka rangi ya samli juu ya vumbi,
ikakauka na manyoya ya paka na alama ya dole gumba langu
katikati, kama sahihi ya mtu anayekiri kosa.
Rafu nayo iliinamia kulia. Kila kikombe juu yake
kilikuwa safarini kuelekea dirishani.
Na mkate mweusi wa kwanza, aa,
kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi,
lakini koleo langu lilivunjwa na mkate.

Tulilipandisha hadi ghorofa ya tatu,
tukipumzika kila palipokuwa na taa.

Nilianza na msasa mkali.
Nyeupe ikatoka kwanza.
Chini yake kijani, ile ya korido za zamani;
watu wa rika langu tumeiegemea sana
tukisubiri majina yetu yaitwe.
Chini yake buluu. Chini ya buluu, hudhurungi yenye kunata
iliyoziba msasa kila baada ya dakika mbili.
Nilidhani nasafisha ubao, kumbe
nawabishia hodi wapangaji waliokwisha hama.

Vumbi likitua, nilikwenda jikoni.
Jibini ya kisibiti haitaki werevu:
maziwa lita tatu, yapate moto yasichemke.
Maziwa mgando kilo moja, yamimine, usikoroge kwa hasira.
Subiri yaachane, maji huku, mabonge kule.
Chuja kwa kitambaa. Siagi, yai, chumvi,
kisibiti kwa kiganja, si kwa kijiko.
Kanda hadi ing'ae. Funga fundo. Weka jiwe juu.
Sikuwa na jiwe.
Niliweka kopo la rangi.

Droo ya kwanza ilifunga. Ya pili ilifunga.
Ya tatu ilikwama, vidole viwili nje, kama ulimi.
Niliipindua nione nilikokosea,
na hapo, kwenye ubao ambao rangi haikuwahi kuufikia,
penseli:
41, imekatwa.
42, imekatwa mara mbili, kwa nguvu.
Halafu 41 na nusu,
na mbele yake alama ndogo ya kuuliza.

Ya kuuliza!
Fundi huyu, mwenye randa yake na kijana wa kumtuma gundi,
kabla mama yangu hajazaliwa,
alisimama mbele ya ubao huuhuu, hajui.
Akaifunika droo yake, akaiuza,
na siri ikakaa kifudifudi miaka yote hiyo
chini ya soksi za watu.
Nilicheka hadi Ojārs akagonga bomba.

Ubao ule sikuupiga msasa.
Chini ya namba zake niliandika yangu, 41 na robo,
na sikuikata, kwa sababu bado nayo sina hakika.

Sasa kabati ni la rangi ya mbao, basi, rangi ya mbao.
Droo ya tatu inua kidogo, sukuma, malizia na goti.
Dada yangu Skaidrīte amejifunza kwa siku moja;
wageni wengine wanafungua ya pili.

Ojārs alisema jibini inanukia rangi kwa mbali.
Akala vipande vitatu akithibitisha,
akakata cha nne.

Jumapili amepanda tena,
kiti mkononi, miguu mitatu.
Nimemwambia ukweli: kiti sijui.
"Najua hujui," akasema, akakaa kwenye stuli.
Nikaanza kutafuta penseli.