Ghala la Mafagio

Kwanza walileta orodha.
Meza mia nne na kumi na mbili, kila moja na soketi mbili na taa yake.
Vibanda hamsini na sita vya watangazaji, vioo vimeinamishwa
nyuzi kumi na tano, ili theluji isimrudishie mtangazaji
uso wake mwenyewe badala ya mtelezaji.
Kilomita tisini za nyaya chini ya sakafu.
Choo kimoja kwa kila watu thelathini.
Raushan aliisoma wima, koti halijavuliwa,
chai ya maziwa ikimpolea juu ya ramani ya Almaty,
akasema: Humu mna kila kitu
ila mtu.

Mimi nilikuwa mchoraji wake. Nilichora alichosema,
nikafuta alichosema, nikachora tena.
Oktoba tukachimba. Mteremko ule zamani ulikuwa shamba la matufaha;
katapila lilifukua mizizi myekundu kama mishipa.
Toktar mchomeleaji aliikusanya kando,
hakusema ya nini.
Novemba zege likagoma kukauka.
Tukalifunika mablanketi kama mgonjwa, tukaliwashia hita,
na kijana wa zamu ya usiku akatupigia simu kila saa
kututajia joto lake:
saba. Sita na nusu. Saba.

Kisha wakaja wakaguzi na tepu zao.
Njia ya mahojiano inyooke, wakasema.
Mchezaji avuke mstari, avue ski,
apite mbele ya runinga kwanza, kisha redio,
mwisho wenye kalamu,
kama kondoo wapitavyo katika josho.

Usiku huo Raushan aliinama juu ya karatasi yangu
akakunja ukuta.
Mita tatu tu. Huku mstari wa mwisho,
kule kamera ya kwanza, na katikati
kona ya mbao, benchi, ndoano ya kutundikia kofia.
Nikauliza niandike nini hapo.
Andika "ghala la mafagio".

Watu walikuwa na maneno yao.
Bibigul wa jikoni aliapa kwamba bosi aliwahi kuteleza,
akamaliza wa arobaini na moja,
na kilio chake kikarudiwa hewani kila majira ya baridi
katikati ya tangazo la sabuni na tangazo la benki.
Sikumwuliza.
Nilichojua ni kwamba siku ya ukaguzi wa mwisho
Toktar alisimamisha fagio moja kwenye kona ile
ili tusiwe waongo.

Siku kumi na saba mji ulijaa lugha.
Mimi nilikuwa chumba cha skrini, nikilinda nyaya,
niliposikia mwongozaji akifoka: Yuko wapi yule? Ameanguka,
ameinuka, amevuka, sasa yuko wapi?
Skrini sita zilionyesha korido tupu.
Nikahesabu. Kumi. Ishirini na tano.
Maikrofoni zikinyoosha shingo. Arobaini.
Ndipo akatokea, kofia mkononi, uso umeshapanguswa,
akajibu maswali yote, hata lile la kijinga.
Raushan alikuwa mlangoni, anakula mkate.
Hakuacha kutafuna.

Machi tukabomoa. Meza zilienda shuleni,
vioo kwa mkulima mmoja wa nyanya,
nyaya zikakunjwa kama utumbo wa mbuzi baada ya sherehe.
Nikakuta ukuta wa kona umekwaruzwa:
kucha, pini ya nambari, sijui,
maandishi ya namna nne nisiyoweza kuyasoma,
na kimo cha mabega, doa lililong'aa
ambapo migongo mingi iliegemea.
Toktar akaniuliza ubao huu uende wapi.
Ukaenda kwake, kwenye mizizi.

Jioni nikakamilisha orodha ya mwisho.
Ghala la mafagio: moja.
Fagio: moja, halijatumika.
Nikatia saini.